Shukrani za Mapema kwa Chama Chekundu

Jumapili ya mwisho ya Aprili, Tottenham. Mvua ya leo haina haya, inadondoka tangu asubuhi, haikati wala haizidi. Ni saa kumi na moja jioni. Nimekaa jikoni, koti sijavua, chai imepoa mbele yangu.

Naogopa.

Nimeliandika hilo kwanza ili nisijifanye. Ninyi wachache mnaonisoma mmezoea nikilalamikia mabasi au nikieleza mahali pa kupata nazi ya maana hapa mjini. Leo sina habari za nazi. Leo nimesimama kanisani nikakishukuru chama cha siasa mbele ya bosi wangu, na huenda kwa maneno hayo machache nimejifukuzisha nchi, mimi na mtoto wangu.

Wacha nianzie mwanzo, maana nikianzia katikati hata mimi mwenyewe nitapotea.

Mimi ni mlezi wa wazee. Naamka alfajiri, naenda nyumbani kwa mtu, namwogesha, namvalisha, nampa dawa, nampikia, nasikiliza hadithi zake. Viza yangu imeshikwa na kampuni iliyoniajiri, na kampuni ni ya Bwana Mutiso, Mkenya mwenzetu, mzee wa kanisa, mtu wa tai na marashi. Ofisi yake iko hapa hapa Tottenham lakini mgonjwa wangu yuko Hounslow, upande wa pili wa London, ndivyo wanavyotupanga. Bwana Mutiso akiamka kesho akasema hanihitaji tena, serikali inanipa miezi miwili nitafute mwajiri mwingine wa kunidhamini. Nisipompata, nifunge virago. Nimeona akina mama watu wazima, wenye heshima zao, wakihangaika miezi hiyo miwili, na sitaki hata kuwaeleza.

Nina binti mmoja, Wakesho, ana miaka kumi na sita. Babake alifariki tukiwa bado Mombasa. Tulipokuja huku tuliambiwa miaka mitano: fanya kazi mitano bila doa, halafu uombe ukaazi wa kudumu. Mwakani ndiyo inatimia. "Mwakani" limekuwa neno la nyumba hii. Mwakani tutaenda Mombasa kumwona nyanya bila kuwaza kama tutazuiwa uwanja wa ndege tukirudi. Mwakani Wakesho ataomba chuo kikuu kama mtoto wa hapa, si kama mgeni wa kulipishwa ada ya kutisha. Mwakani nitamchagua mwajiri nimtakaye, na nikichoka naye nitamwambia nimechoka.

Sasa serikali inasema miaka mitano ni michache. Wanataka iongezwe, na kwetu sisi walezi iongezwe kuliko wengine, na mpaka leo sijaelewa vizuri kama sisi tuliokwisha kukaribia tutahurumiwa au tutarudishwa nyuma ya foleni. Kila asubuhi kikundi cha walezi kwenye simu kinaamka na habari mpya. Huyu kasikia hivi, yule mwanasheria wake kamwambia vile. Kuna siku niliizima simu nikaifungia kwenye droo ya vijiko, kana kwamba yenyewe ndiyo yenye makosa.

Wakesho sikumwambia. Ana mitihani. Habari hizo zikianza redioni nabadilisha stesheni, namwambia nimekumbuka muziki.

Na serikali yenyewe ni ya chama kipi? Sitataja majina, si kwa heshima, ni kwa woga tu. Hapa kuna viwili vikubwa vya zamani, chekundu na bluu. Kuna na vingine vinavyopanda siku hizi, ambavyo vikitajwa kwenye kikundi chetu watu wanaulizana kama vikishinda tutabaki. Serikali ni ya chekundu. Chama chetu. Nasema chetu kwa sababu kanisani kwetu hilo halijadiliwi. Weusi waliotutangulia hapa, wale wa visiwa vya Karibiani, ndio waliotueleza kwamba sheria za kukataza mtu kunyimwa kazi au chumba kwa ajili ya rangi yake zililetwa na chekundu. Na ni kweli zililetwa na chekundu. Ndiyo maana haya ya sasa yameniuma zaidi.

Wiki mbili zilizopita Bwana Mutiso aliniita kando baada ya ibada. Mgombea udiwani wa chama chekundu alikuwa anakuja kututembelea, ibada halafu pilau, na kila kitu kilikuwa kimeshapangwa isipokuwa mtu wa kufunga shughuli.

"Mama Wakesho, wewe Mungu alikupa mdomo," akaniambia. "Utatoa neno la shukrani. Eleza jinsi chama hiki kilivyotupigania sisi watu weusi. Maswali, hapana. Mgeni haulizwi maswali kwa watu."

Hapo msiokuwa Wakenya itabidi niwaeleze. Kwetu mheshimiwa akija kwenye shughuli, iwe harambee au mazishi, anaimbiwa, anavishwa leso, analishwa, na mwisho mtu anasimama kumshukuru. Huulizi, unashukuru. Lakini wajanja wana njia yao. Wanamshukuru kwa lile ambalo bado hajalifanya. "Mheshimiwa, tunakushukuru mapema kwa mabati ya darasa la nne." Watu wanapiga makofi, akina mama wanapiga vigelegele, na mheshimiwa aliyekuja kula wali anajikuta ameahidi mabati, tena mbele ya mashahidi. Marehemu babangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Changamwe, na kwa hilo hakuwa na mpinzani. Wabunge walikuwa wakimwona anaelekea kwenye kipaza sauti wanaanza kupapasa funguo za gari.

Basi nikakubali. Nisiseme uongo, nilifurahi. Mtu hukaa Hounslow siku nzima akifua mashuka ya watu, akipewa kipaza sauti anajiona.

Shida ikawa historia. Kusema chama kimetupigania ni rahisi, lakini nilitaka kutaja mambo yenyewe. Jumatatu iliyopita nikaenda kumwuliza mgonjwa wangu.

Bibi Kusum ni Mhindi wa Kisumu. Amezaliwa Kisumu, babake alikuwa na duka la vitambaa huko, na sasa anaelekea miaka themanini, miguu haimbebi tena. Kiswahili chake ni cha dukani, cha kuagiza na kubishana bei, lakini anakipenda mno. Siku ya kwanza nilipomwamkia "shikamoo Bibi" alinishika mkono hakuniachia mpaka chai ikachemka ikamwagika. Ni mkali, hasa kwa mambo ya chai. Nampenda.

Nilimwuliza nikimchana nywele: Bibi, chama chekundu kilitusaidia vipi sisi tuliotoka nje?

Alicheka mpaka akakohoa.

"Mama Wakesho, kaa chini. Wacha nywele."

Nikakaa, akanieleza. Kenya ilipopata uhuru, nyumba yao kama nyumba nyingi za Wahindi ilibaki na pasipoti za Uingereza. Pasipoti kamili, za rangi ile ile, zenye taji. Baadaye maisha yakawa magumu kwao Kenya, leseni za biashara zikawa shida, watu wakaanza kuja London. Walipozidi, hapa wakashtuka. Fununu zikafika Kisumu kwamba mlango utafungwa. Bibi Kusum alikuwa bibi harusi, ndoa mbichi kabisa. Mumewe akamsukumia kwenye ndege, mojawapo ya zile za mwisho, naye akapanda nyuma yake, bila hata sanduku la maana. Mdogo wake Nirmala alikuwa na homa kali, wakasema atafuata akipona.

Nirmala alipopona, sheria ilikuwa imepita. Ilipitishwa mbio mbio, kabla hata watu hawajamaliza kuisoma. Ukiwa na pasipoti hiyo lakini mzazi wako au babu yako hakuzaliwa hapa, subiri foleni. Nirmala alisubiri mpaka akachoka, akaolewa India. Ndugu hao wawili walikuja kuonana tena wote wameshaota mvi.

"Nani alifunga?" akaniuliza Bibi Kusum, na jibu akalitoa mwenyewe. "Chekundu. Chama yako."

Nikamwambia lakini Bibi, si ndio hao hao walioleta sheria za kututetea?

Akasema ndiyo, ndio hao hao. Tena mwaka ule ule. Mlango ulifungwa mwanzoni mwa mwaka, na kabla mwaka haujaisha wakaleta sheria ya kukataza mwenye nyumba kukunyima chumba kwa sababu ya rangi. Mumewe alikuwa amefukuzwa kwenye milango ya watu hapo hapo Hounslow, na sheria ilipoanza kazi walipata chumba chenye dirisha. Alilia kwa furaha, na jioni hiyo hiyo akamlilia Nirmala. Akaniambia na bluu nao ni vivyo hivyo. Walishabana wageni kabla, wakabana tena baadaye, lakini Wahindi wa Uganda walipofukuzwa na yule jenerali wao, ni serikali ya bluu iliyowapokea. Hata sheria ya kwanza ya kukataza kuwabagua walemavu, iliyofanya madukani wakaanza kuweka njia ya kiti chake cha magurudumu, ilipita wakati wa bluu.

"Kila mmoja amenisaidia, kila mmoja ameniliza," akasema. "Sasa wakigonga mlango, mimi hapana uliza ya zamani. Mimi nauliza, leo unafanya nini?"

Halafu akaniuliza kama nimejiandikisha kupiga kura. Nikamwambia Bibi, mimi nina viza tu. Akanikaripia. Mkenya ni mtu wa Jumuiya ya Madola, akiishi hapa kihalali anapiga kura, viza si kitu. Mimi nilijua hilo juu juu, lakini kwenye kikundi chetu watu wanaogopeshana kwamba ukijiandikisha jina lako litaonekana mahali. Mahali gani, hakuna anayejua. Nilijiandikisha hapo hapo kwenye simu, yeye akinisimamia na kuniharakisha. Chai yake nikaisahau jikoni, na safari hii hata hakugomba.

Wiki yote iliyobaki sikulala vizuri. Nilikuwa na shukrani mbili kichwani, ya Bwana Mutiso na yangu. Ijumaa akapiga simu akitaka kuisikia. Nikamsomea ile tamu. "Hapo sawa kabisa, mama," akasema, na nikasikia raha kidogo, halafu nikachukia kwamba nimesikia raha. Nilijiambia kwa nini niwe mimi? Kanisa lina watu wenye uraia tayari, watu ambao hakuna wa kuwagusa, mbona hawasemi? Nikajijibu kwamba hawasemi kwa sababu halijawafika.

Jumamosi jioni nikaamua. Nitashukuru mapema, kwa lugha ya kwetu, kwa adabu, sitauliza swali hata moja. Bwana Mutiso hataweza kusema nimemkosea mgeni. Na Wakesho hatasikia, kwa sababu kila Jumapili yuko chumba cha chini akiwafundisha watoto wadogo. Hiyo ya pili ndiyo iliyonipa nguvu.

Basi leo.

Mgombea alikuja mapema, mwanamke kijana, mchangamfu, koti jekundu, kazaliwa hapa hapa na anasema "asante sana" kwa kujitahidi. Nilimpenda, na hilo lilinisumbua. Ibada ikaenda vizuri. Mimi nilikuwa nimekaa kiti cha tatu, nikiomba umeme ukatike, nikasahau kwamba niko London, huku haukatiki ovyo.

Ikafika zamu yangu. Nikasimama. Ndipo mchungaji akatangaza kwamba mkalimani wetu amesafiri, na kwa hiyo ameomba binti yetu Wakesho apande kumtafsiria mgeni.

Nikamwona anapanda zile ngazi, sketi yake ya bluu, mikono ina rangi za watoto, ananitabasamia. Amefurahi kusimama na mamake.

Ningeweza kutoa ile tamu. Ilikuwa tayari mdomoni. Najiuliza tangu nirudi kwa nini sikuitoa. Labda ni babangu. Labda ni kwamba nilikwisha ogopa wiki nzima nikawa nimechoka kuogopa kimya kimya. Sijui, jamani.

Nikaanza kwa heshima zote. Nikakishukuru chama chekundu kwa sheria zile za kwanza za miaka ya sitini, za kukataza kubaguliwa mikahawani, kisha kazini na vyumbani. Wakesho akatafsiri, Kiingereza chake kizuri cha Tottenham. Makofi. Nikashukuru kwa ile ya miaka ya sabini iliyozitia meno zile za mwanzo. Makofi tena, Bwana Mutiso akitikisa kichwa kwa kuridhika. Hapo ndipo nilipotakiwa kukaa.

Sikukaa.

Nikasema, tunakishukuru pia kwa mwaka ule wa sheria ya vyumba, maana mwaka huo huo kilimfungia mlango mdogo wake bibi mmoja ninayemhudumia, aliyekuwa na pasipoti ya nchi hii mkononi. Wakesho akaniangalia haraka, anamjua Bibi Kusum, akatafsiri. Nikawashukuru na bluu, ambao hawakualikwa, kwa kuwapokea wa Uganda, na kwa sheria ya walemavu, na kwa milango yao wenyewe waliyoifunga. Watu wakacheka kidogo, kile kicheko cha kuangaliana kwanza. Mgombea naye alicheka. Bwana Mutiso hakucheka. Alikuwa ameacha kutikisa kichwa na ananitazama mimi tu.

Nikasema: mwisho, tunamshukuru mgeni wetu mapema. Mapema kabisa, na sisi wa Jumuiya ya Madola tulio hapa tunapiga kura, kwa hiyo tunamshukuru kwa dhati. Tunamshukuru kwa kuwa atasimama ndani ya chama chake aseme kwamba walezi tuliokuja kwa ahadi ya miaka mitano tusiongezewe miaka mingine katikati ya safari.

Wakesho hakutafsiri.

Alinigeukia. Sijui niandike vipi uso ule. Alikuwa anafanya hesabu, niliona akiifanya, mwakani, chuo, nyanya, yote.

"Mama?" akasema, kipaza sauti kikiwa chini.

Watu wote wanangoja. Mgombea anatabasamu, anangoja. Nikamwambia kwa sauti ndogo, "Sema, mwanangu."

Akainua kipaza sauti akasema. Sentensi nzima, pole pole, hakupunguza kitu.

Mama mmoja nyuma akapiga kigelegele. Halafu mwingine. Halafu ukumbi mzima, makofi, watu wamesimama, walezi wenzangu ambao wiki nzima hawakusema kitu wanapiga miguu sakafuni. Mgombea aliweka mkono kifuani akasema asante, akasema naam, hilo ni jambo la haki na atalisema. Sidhani alijua amepokea nini. Mtoto wa hapa huyo, nani angemwambia?

Bwana Mutiso alijua. Kakulia Machakos, kahudhuria harambee nyingi kuliko mimi.

Wakati wa pilau alinijia na sahani yake, akasimama karibu sana, marashi yakinifika.

"Babako alikuwa mwalimu, sivyo?" akaniuliza.

"Ndiyo, Mzee."

"Inaonekana," akasema, akaenda kumpa mgeni soda.

Walezi wenzangu walikuja kunishika mkono mmoja mmoja, lakini kwa kando, kwa haraka, wakitazama aliko Bwana Mutiso. Nawaelewa. Mimi ningefanya hivyo hivyo. Lakini nilitamani mmoja tu akae kando yangu ale hapo, na hakuna aliyekaa.

Tulitembea kurudi nyumbani bila mwavuli. Wakesho mbele, mimi nyuma. Tulipoingia ndani ndipo akageuka. Mtoto huyu siku hizi ukimwambia kwa Kiswahili anakujibu kwa Kiingereza, nimeshazoea, lakini hili alilisema kwa Kiswahili, ili nisije nikasema sikuelewa.

"Umenifanya niwaambie watu wote kabla hujaniambia mimi."

Nilitaka kusema nilikuwa nakukinga, una mitihani, nilitaka usome kwa amani. Yote ni kweli na yote yalisikika ovyo kabla sijayatamka. Wiki nzima nimemwogopa Bwana Mutiso, nimeiogopa serikali, nimeogopa jina langu kuonekana mahali. Huyu sikumwogopa hata kidogo, na yeye ndiye aliyeumia wa kwanza.

Nikamwomba msamaha. Kwetu mzazi hamwombi mtoto msamaha, mimi sijawahi kuombwa na mtu aliyenizidi umri, kwa hiyo sikujua maneno yake. Nilisema tu, nisamehe, Wakesho. Akaniuliza kama mwakani ni uongo. Nikamwambia sijui. Akaniuliza kama tunaweza kufukuzwa kwa niliyosema leo. Nikamwambia sijui hilo nalo, lakini linawezekana. Aliitikia kwa kichwa, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango. Hakuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Nimekaa hapa tangu hapo. Ujumbe wa Bwana Mutiso umeingia nikiwa naandika ule mstari wa kwanza hapo juu, na nimeuzunguka mpaka sasa kwa sababu sitaki kuuandika. Huu hapa: "Kesho saa tatu asubuhi ofisini. Hounslow usiende, nimetuma mtu mwingine. Njoo na pasipoti zenu zote mbili."

Pasipoti za nini? Sijawahi kuitwa na pasipoti tangu siku ya kuajiriwa. Huenda ni ukaguzi tu wa kawaida, kampuni hukaguliwa. Huenda. Lakini leo, Jumapili, baada ya pilau? Na ya mtoto inahusu nini? Nimeusoma ule ujumbe mpaka herufi zimeanza kucheza. Namfikiria na Bibi Kusum, kesho anaogeshwa na mtu asiyemjua.

Mlango wa chumba umefunguliwa sasa hivi. Wakesho ametoka, macho mekundu, akaja akasimama nyuma ya kiti changu. Simu iko mezani wazi, sikuwahi kuigeuza. Nikaanza kuigeuza, kwa mazoea, halafu nikaacha. Akasoma.

Amesema kama zinatakiwa pasipoti mbili, basi watu wawili waende.

Nimekataa. Nimegomba. Nimemwambia kesho ana mtihani wa kuzungumza Kifaransa, akasema mtihani ni mchana, atawahi. Nimemwambia ofisi ya Bwana Mutiso si mahali pa mtoto. Akasema leo nimemtaka aseme mbele ya watu wote, kwa hiyo kesho nisimwite mtoto.

Ameleta pasi ya nguo. Ananyoosha shati lake la shule na gauni langu la kijivu, anayanyoosha vibaya, mikunjo inabaki mabegani, na mimi namwangalia tu simsahihishi. Sijawahi kuogopa siku kama ninavyoiogopa kesho. Sijui nitaandika nini hapa wiki ijayo wala nitakuwa naandikia wapi. Lakini lolote atakalolisema Bwana Mutiso hapo saa tatu, Wakesho atakuwa kwenye kiti cha pembeni, na atalisikia wakati ule ule ninaolisikia mimi.